STUDIO YA MTAANI NA JINA LAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mwaka huu madrasa yetu imeingia katika mjadala ambao haukuanzia darasani. Ulianzia barazani, ukapita majikoni, ukazunguka kwenye simu za wazazi, na ulipotufikia sisi walimu ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa. Mjadala wenyewe ni huu: je, yafaa kikundi chetu cha kaswida kiende kurekodi katika ile studio ndogo iliyo mtaa wa nyuma? Mama mmoja ninayemheshimu, ambaye watoto wake watatu wamesoma hapa, alinisimamisha baada ya sala ya Alasiri akaniuliza, "Maalim, kweli mwawapeleka watoto wetu kule kwenye miziki?" Swali hilo ni zito na halistahili jibu la njiani, ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu hili. Ninayoandika ni maoni yangu, si fatwa, na kamati ya madrasa isilaumiwe kwayo.

Kwanza tuijue studio yenyewe, maana wengi wanaoisema hawajawahi kuingia. Ni chumba kimoja kilichokuwa stoo ya mchele, kimegawanywa kwa ukuta wa mbao wenye dirisha la kioo. Upande mmoja pana kompyuta, spika mbili na kiti kilichochanika. Upande wa pili pana maikrofoni moja yenye kitambaa mbele yake cha kuzuia ule mpasuko wa "ba" na "pa", na kuta zimevikwa magodoro ya sponji na mablanketi mazito. (Baadhi ya watu hubandika trei za mayai ukutani wakidhani zinazuia sauti isitoke nje. Hazizuii. Kinachopunguza mwangwi chumbani ni kitu kinene na laini, na kinachozuia kelele za nje ni ukuta mzito na mlango unaofunga vyema.) Wakati wa kurekodi feni huzimwa, kwani maikrofoni haimchagui mtoto ikaiacha feni, basi wote mnatoka mmelowa jasho kama mliotoka kuvua.

Mlango wa pale uko wazi kwa kila mtu. Asubuhi utakuta kikundi cha taarab, mchana vijana wa muziki wa kufokafoka, jioni kwaya ya kanisa, na siku nyingine watoto wa chuo na matari yao. Anayeanza na hana pesa za kutosha huambiwa alete alichonacho, kilichobaki atalipa. Kijana mwenye studio hakuuliza ukoo wetu wala msikiti tunaosali. Alituuliza watoto ni wangapi, akaenda kuazima mabusati ili wasikae sakafuni. Kwa ukarimu huu studio imepata jina zuri, na kwa ukarimu huu huu imepata jina baya. Wanaoipenda husema, "Pale hawamfukuzi mtu." Wanaoichukia husema maneno hayo hayo, ila kwa sauti nyingine.

Sasa, habari zinazosemwa juu yake. Wanafunzi wa darasa la tafsiri wanaijua aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat, inayotuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi ili tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wanaijua pia aya ya 12 ya sura hiyo hiyo, juu ya dhana na kusengenya. Tunazisoma kwa tajwidi nzuri kabisa, kisha tunakwenda barazani. Nimeambiwa kuwa pale huvutwa bangi. Nilipouliza nani aliyeona, kila mmoja alinielekeza kwa mwenziwe, na mlolongo wenyewe haukufika kwa mtu aliyeona kwa macho yake. Nimekwenda pale mara saba, mara mbili bila kutoa taarifa. Niliona maandishi ukutani yanayokataza sigara na mswala uliokunjwa juu ya kabati. Niliwasikia pia vijana wakirekodi wimbo ambao maneno yake nisingependa mwanangu ayasikie, na hilo nalisema wazi kwa sababu ni kweli. Nilimwambia mwenye studio, naye akatupa siku yetu peke yetu, ambayo hapokei mtu mwingine kuanzia Alasiri hadi Magharibi.

Kuna ndugu ambao hoja yao si bangi wala vijana, ni ala za muziki zenyewe. Hao nawaheshimu, kwa kuwa wana kitu cha kusimamia. Jumhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne, nasi tukiwa Shafi'i, wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza, na wako waliohitalifiana nao kama Ibn Hazm. Dufu lina nafasi yake inayojulikana katika harusi na sikukuu, na hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.) imo katika Bukhari na Muslim. Sitaki kuufungua mlango huo hapa, kwani hauhusiki na tunachokwenda kufanya. Kikundi chetu kinarekodi sauti na matari, basi. Kinanda kilichoko pale kitabaki kimefunikwa siku yetu.

Wasiwasi juu ya chombo kinachochanganya mema na mengineyo si mpya. Redio ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, aliyesoma Qur'ani katika ufunguzi alikuwa Sheikh Muhammad Rifat. Yasimuliwa kuwa kabla ya kukubali aliwauliza wanazuoni wa Al-Azhar. Swali halikuwa jepesi, kwa sababu chombo kilichokuwa kitoe Qur'ani ndicho kitakachotoa nyimbo baada yake, na kingesikika mikahawani watu wakipiga soga. Akaruhusiwa akasoma. Sheikh alifariki mwaka 1950, na mpaka leo tunaisikia sauti yake ya Ramadhani.

Baada ya hayo, nije kwenye jambo ambalo naona ndilo la kuipimia studio yoyote, iwe ya mtaani au ya mjini, ya Muislamu au ya asiyekuwa Muislamu. Jambo hilo ni amana. Mtu anaporekodi anaacha kitu chake. Anaondoka, lakini sauti yake inabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na mtu yule anaweza kuikata, kuichanganya, kuiuza au kuifuta. Kwa mtu mzima hilo ni jambo kubwa, na kwa mtoto wa miaka tisa ni kubwa zaidi, kwa kuwa hajui hata alichokiacha. Ukitaka kujua jina la studio, usiulize nani anaingia mlangoni. Uliza kinafanyika nini baada ya wateja kutoka.

Miaka michache iliyopita niliwasindikiza wanafunzi kurekodi kaswida tatu katika studio moja kubwa. Jina lake sitalitaja. Ilikuwa na sifa njema, kiyoyozi, zulia, na Ayatul Kursiy ya dhahabu ukutani. Tuliomba tuandikiane, tukaambiwa, "Sisi ni ndugu Waislamu, maalim, karatasi za nini?" Baada ya miezi kadhaa wanafunzi wakaja wakikimbia kunionyesha simu. Kaswida yetu ilikuwa imetiwa ngoma na kinanda chini yake, jina la madrasa limeondolewa, na imewekwa mtandaoni kwa jina la watu tusiowajua. Tulipokwenda kuuliza, aliyetuita ndugu alikuwa safarini. Mtoto aliyekuwa akiongoza kaswida ile alilia, na baba yake akamtoa katika kikundi. Hajarudi.

Na Qur'ani yenyewe haikutuacha bila mwongozo. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, ndiyo aya ndefu kuliko zote, inafundisha kuandikiana na kushuhudisha. Haikusema kuwa Waislamu wakiwa ndugu karatasi haihitajiki. Waliohutubiwa ni walioamini wenyewe kwa wenyewe. Sheria za nchi nazo ziko wazi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, maneno na mahadhi yana haki yake, na rekodi ya sauti ina haki yake peke yake, ambayo ni ya yule aliyeandaa na kugharimia kurekodi, si ya kila mwenye kompyuta. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijashughulikiwa. Yule kijana wa mtaa wa nyuma, mwenye kiti kilichochanika, ndiye aliyetutolea karatasi bila kuombwa. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema rekodi ni mali ya madrasa, haitachanganywa na kitu kingine bila ruhusa, na nakala ya kompyuta itafutwa tukitaka. Chini amesaini yeye, na mashahidi wawili.

Amana ina upande mwingine ambao wazazi wengi hawaujui, nao ni ndani ya sauti yenyewe. Siku hizi kuna programu za kusafisha rekodi. Zinaondoa mvumo na kelele, lakini hazijui Kiarabu. Kelele ya pumzi na pumzi ya herufi kwao ni kitu kimoja, basi herufi laini kama ha, fa na sin huliwa. Mtoto akisimama kwenye jina la Allah, ile ha ya mwisho hupotea na jina likabaki pungufu. Kuna pia programu ya kunyoosha sauti, Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997 na kuenea duniani kote. Mahadhi yetu mengi ya kaswida yamo katika maqamu kama Bayati na Rast, ambayo yana sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Programu ile ikiachwa na vipimo vyake vya kawaida huivuta sauti mpaka kwenye kitufe kilicho karibu, na mtoto aliyefundishwa Bayati mwaka mzima husikika kama tangazo la sabuni. Masikio ya wasiojua husifu, "Sauti safi sana!"

Hapa nakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini ya zilizokauka. Kisa hicho kimo katika Sahih Muslim na kila mwanafunzi wa darasa la nne anakijua. Rekodi nayo ina juu na ina ndani, na sisi wasikilizaji hatuna mkono wa kutia ndani ya kompyuta. Tunamtegemea fundi mitambo.

Mwaka 1961 Misri ilipotoa Qur'ani nzima ya kwanza iliyorekodiwa, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary na kwa riwaya ya Hafs, kazi haikuachiwa mafundi peke yao. Walikaa wanazuoni wa qiraa wakasikiliza. Sisi si Misri na kaswida si Qur'ani, lakini adabu ni hiyo hiyo. Kijana wa studio yetu hajui Kiarabu zaidi ya Fatiha na sura fupi, naye hafichi. Kila akikata mahali huuliza, "Maalim, hapa nimetoa pumzi, ni sawa au nimeharibu?" Mara mbili nilimwambia ameharibu, akarudisha. Tulikaa saa tatu kwa kaswida moja ya dakika nne, na malipo yalikuwa ya saa mbili kama tulivyokubaliana.

Udogo wa mahali usitudanganye pia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walitoka Unguja wakavuka bahari hadi Bombay ili sauti zao ziingie katika sahani za santuri za HMV. Baadaye, hapa kwetu Mombasa, duka la Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale lilisambaza kanda za taarab zilizojulikana pwani nzima, za waimbaji kama Zein l'Abdin. Mwenye kuipenda taarab na asiyeipenda wote wanakubali kuwa tusingekuwa na kumbukumbu ya Kiswahili kile na ushairi ule lau si watu wa maduka madogo namna ile. Nani anatunza za kwetu? Maulidi za chuo chetu za miaka ya nyuma zimepotea, na kaseti zilizobaki zimeota ukungu. Wazee waliotufundisha mahadhi ya Barzanji wanaondoka mmoja mmoja na koo zao.

Nina neno kwa upande wetu vilevile, na najua halitapendwa na walimu wenzangu. Jina la studio hizi ndogo tunaliharibu hata sisi. Vikundi vya madrasa vina sifa mbaya kwa mafundi mitambo, na sifa hiyo nimeisikia kwa masikio yangu kwa mafundi watatu tofauti. Tunachelewa. Tunaleta watoto thelathini mahali pa watu kumi. Kazi ikiisha tunasema ni fi sabilillahi, fundi atalipwa Akhera. Vijana wa kufokafoka, pamoja na maneno yao, hulipa. Sasa mtu huyu anaambiwa apumzishe wateja wanaolipa siku nzima ili awapokee wasiolipa, kisha akitoka anasikia msikitini kuwa mahali pake ni pa wahuni. Mafundisho ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka hayakubagua fundi wa feni iliyozimwa. Na tunachukua mahadhi ya madrasa nyingine, hata maneno, tunabadilisha jina la mtaa tu, halafu tunalalamika tukiibiwa yetu.

Wanaosema kuwa mahali panapopokea kila mtu hapafai kwa watoto wa dini, wafikirie kidogo habari za Habib Swaleh wa Lamu. Alitoka Ngazija akakaa Lamu, akafundisha watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji ule hawakupenda wafundishwe, wakiwemo waliotoka katika utumwa na watoto wao. Alisemwa kwa hilo, na alisemwa kwa matari ya maulidi. Leo watu wanatoka Mombasa, Malindi, Tanga na Unguja kwenda Riyadha kwenye maulidi ya Lamu, na wengine huuza kitanda kupata nauli. Simfananishi mwenye studio na Habib, Allah aniepushe. Nasema tu kwamba wingi wa wanaopokewa mahali peke yake hautoshi kuwa ushahidi dhidi ya mahali hapo.

Kuhusu wasichana, wazazi wana haki ya kuuliza na majibu ni mafupi. Watakaorekodi ni wadogo wa madarasa ya chini, watakuwa na ukhti wawili ndani ya chumba muda wote, na lile dirisha la kioo halitawekwa pazia. Wasichana wakubwa wameshiriki katika kutunga maneno, na wametunga vizuri kuliko wavulana, jambo ambalo wavulana wanalijua.

Kurekodi kutafanyika Alhamisi nne mfululizo baada ya Alasiri, inshallah. Tutasimama kwa sala ya Magharibi hata kama kaswida imefika katikati, kwa kuwa msikiti uko karibu na adhana itaingia kwenye maikrofoni upende usipende. Nakala ya makubaliano iko ofisini, asomaye asiyeelewa aulize, na fomu ya idhini itasainiwa na mzazi mwenyewe, si kaka wala jirani. Fedha za studio zimeshatengwa kutoka katika michango ya maulidi, nusu italipwa kabla na nusu siku ya mwisho. Mzazi atakayekataa, mtoto wake atabaki katika kikundi na ataimba siku ya mahafali kama wenziwe, wala hataulizwa neno. Na anayetaka kuja kukaa asikilize kwa masikio yake anakaribishwa, bora avae nguo nyepesi kwa ajili ya ile feni.

Wabillahi tawfiq.